Pima Tano na Nusu

Darasa la jioni, South Shields, ghorofa ya pili,
juu ya duka la samaki wa kukaanga:
harufu ya siki hupanda ngazi kabla yetu.
Bi. Thirlwell ameandika ubaoni maneno matatu,
anauliza lipi tulitupe mtoni.
Maili ya bahari. Fundo. Pima.

Yote, akasema Radosław, bila kuinua mkono.
Dunia ina mita, na mita inatosha.
Yeye hufunga mapanga ya mitambo ya upepo huko baharini;
kwake kosa la sentimita mbili ni kidole cha mtu.
Sikuwa na la kumjibu.

Bi. Thirlwell aliiokoa maili kwanza.
Akachora dunia mfano wa chungwa, akaligawa nyuzi,
kila uzi akaukata dakika sitini:
dakika moja ya ganda, maili moja.
Huu si mguu wa mfalme, alisema,
huu ni mwili wa dunia yenyewe.
Hilo Radosław aliliandika.

Fundo lilituchekesha.
Kamba yatupwa nyuma ya meli, mafundo yapita kiganjani,
mchanga wachuruzika chupani, baharia ahesabu.
Leo anayehesabu ni setilaiti, kamba hakuna,
na meli bado inakwenda mafundo kumi na mawili.
Kwetu fundo likikawia huhamia moyoni.
Sikulisema hili. Lingetaka chai, na saa nzima ya kulifungua.

Ilipofika zamu ya pima nilitazama dirishani.
Mimi ni mtoto wa Dodoma. Bahari niliikuta kwenye ramani,
penseli ya bluu tuliyoonywa tusiimalize.
Pima niliijua kwa kamba ya kisima:
baba akivuta, mikono ikifunguka
ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kifua katikati,
moja, mbili, saba, na bado vumbi.
Alilipwa kwa pima.
Siku ya tope la kwanza mteja alisimama ukingoni akafoka:
Chilongani, mikono yako mifupi,
pima zako ni nyingi kuliko shimo!
Nilimchukia miaka mingi yule mtu.
Lakini hakuwa mwongo. Baba alikuwa mfupi.

Jumamosi tukatoka na boti ya chuo.
Ukungu uliingia kutoka baharini bila kubisha,
ukameza kivuko, ukameza North Shields yote.
Mtambo wa kina nao ukazimika
(kina cha maji, si cha shairi; shairi hili halina).
Namba ilipepesa, ikawa mstari.
Radosław akaupiga kofi, kama redio ya bibi yake.

Bi. Thirlwell akafungua sanduku, akatoa bildi:
risasi, kamba, vipande viwili vya ngozi, vitatu,
kisha kitambaa cheupe.
Kitakoni mwa risasi akapaka shahamu.
Tupa, akaniambia.
Kamba ilikimbia, ikalegea;
kitambaa cheupe kikabaki kiganjani mwangu, kimelowa.
Pima tano.

Kisha nikavuta, na sikuwa nimefundishwa kuvuta vile:
mikono wazi, kifua katikati,
midomo ikihesabu yenyewe.
Kwangu zikatoka tano na nusu.
Radosław, ambaye hajui kisima chochote cha Dodoma,
akacheka: Wewe umetupunja!

Nami nikacheka, mpaka kamba ikanidondoka.

Risasi ilipopanda, shahamu ilikuwa imeuma kitu:
mchanga mweusi, kipande cha gamba,
punje ya makaa ya mawe kutoka meli gani, mwaka gani.
Mtambo ungetuambia sakafu iko wapi.
Usingetuambia ina nini.

Kwenye batli niliandika mita tisa na kidogo,
maana sheria ni mita, na Radosław ana haki na vidole vyake.
Pembeni, kwa penseli, kwa mkono mdogo:
mchanga, gamba, makaa.